Paswadi ni ileile, kwenye brauza inapita, kwenye kompyuta inagoma

Swali: Wakuu habarini, programu ya barua pepe kwenye kompyuta yangu tangu juzi inaniomba paswadi kila saa, naiandika inakataa, ila nikiingia kwa brauza hiyohiyo inapita freshi tu. Nimeifuta nikaiweka upya mara mbili, wapi!

Jibu: Umewasha uthibitisho wa hatua mbili? Kama ndio, paswadi ya kawaida haipiti hata uiandike mara mia. Ingia kwa brauza, sehemu ya usalama, tengeneza paswadi ya programu (app password, yaani paswadi maalumu ya programu hiyo tu), hiyo ndo ubandike.

Jibu: Kwanza afute paswadi ya zamani iliyohifadhiwa kwenye kompyuta, programu huwa inaing'ang'ania kimyakimya. Na kama setingi zina OAuth2 (njia ya kuingia bila kuipa programu paswadi yako) chagua hiyo, inafungua dirisha la kuingilia unaruhusu, yanaisha.

Muuliza: Duh, kweli niliwasha hatua mbili nikasahau kabisa 😅 OAuth2 imekubali, barua zinaingia ila kutuma bado.

Jibu: Kutuma ni SMTP mkuu, setingi zake ziko mbali na za IMAP, ile ya kupokea. Nako weka OAuth2, poti 587 na STARTTLS, au 465 na SSL/TLS (hizo ni njia za kuulinda muunganisho).

Muuliza: Imeenda! Asanteni.