Kulipia kiti cha ndege: tulipe au tusubiri chekini?

Safari_Njema
Habari wakuu. Tiketi za familia nimeshakata. Sasa tovuti ya shirika inanitaka nichague viti, na kila kiti kimewekewa bei. Nikijumlisha vyote inakaribia robo ya nauli ya mtu mmoja. Nisipolipa, wanasema watanipangia wenyewe bure wakati wa chekini, yaani kujisajili kwa safari kabla ya kuruka. Mke wangu anataka tulipe tukae pamoja. Mimi naona kiti ni kiti, wote tunafika muda uleule. Wenye uzoefu nisaidieni, maana naona vya mbele vinazidi kujaa na nataka niamue wiki hii.

Fundi Rada
Mkuu, hujatupa cha kukushauria. Safari ni ya saa ngapi? Mnakwenda moja kwa moja au mnabadilisha ndege? Familia ni watu wangapi na watoto wana umri gani? Tiketi ulinunua kwa shirika lenyewe au kwa wakala? Anayeruka saa moja na anayekesha angani hawapewi jibu moja.

Dirishani Daima
Wakati mleta mada anajipanga, mimi naweka kura yangu: lipia dirisha. Unapata pa kuegemeza kichwa, hakuna wa kukuamsha apite kwenda msalani, na ndege ikianza kushuka unaiona nchi nzima chini yako. Ila kagua kwanza, kwa sababu si kila kiti cha dirishani kina dirisha. Kwenye Boeing 737 nyingi kuna sehemu upande wa kushoto, mbele kidogo ya bawa, ambako mabomba ya kiyoyozi yanapita ndani ya ukuta. Ukikaa hapo unatazamana na plastiki nyeupe safari nzima. Ramani ya viti ya shirika inaandika herufi A tu, mara nyingi haikwambii zaidi ya hapo. Mimi huingia tovuti ya aeroLOPA, ramani zao zinaonyesha hadi madirisha yalipo.

Mzee wa Korido
Dirishani ni kujifungia. Safari ndefu ukibanwa na haja inabidi uwaamshe watu wawili, na wengi wanaona aibu, wanavumilia na kuacha kunywa maji. Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wao mwaka 2007: safari ya zaidi ya saa nne huku umekaa bila kujongea huongeza takriban maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Hatari yenyewe kwa mtu mwenye afya ni ndogo, sisemi hivyo kumtisha mtu. Lakini mwenye historia ya tatizo hilo, au mjamzito, kiti cha korido kwake ni afya. Huyo alipe bila kujiuliza mara mbili.

Dirishani Daima
Anayetaka kunyoosha miguu atasimama hata akiwa dirishani. Kinachotakiwa ni kusema "samahani".

Mzee wa Korido
Saa nane za usiku, jirani yako amelala na meza yake imejaa vikombe? Utasema samahani mara ngapi?

Mama Tausi
Turudi kwa mwenye uzi. Kama watoto ni wadogo, usikubali kulipa kwa hofu kabla hujasoma masharti ya shirika lako. Mengi yana utaratibu wa kumweka mtoto na angalau mzazi mmoja bila malipo. Uingereza mwongozo wa mamlaka ya anga unataka watoto wakae karibu na wazazi wao, ikishindikana kabisa basi wasitenganishwe kwa zaidi ya safu moja. Marekani wizara ya usafiri iliweka wazi mwaka 2023 orodha ya mashirika yanayoahidi kuwakalisha watoto na wazazi bila nyongeza. Mengine, kama Ryanair, yanamlazimu mtu mzima mmoja alipie kiti chake, kisha watoto wa chini ya miaka 12 wanapewa viti pembeni yake bure. Kwa hiyo umri wa watoto ndio utakaoamua, na hujautaja.

Safari_Njema
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Tuko wanne: mimi, mke, mtoto wa miaka 9 na wa miaka 4. Tunabadilisha ndege mara moja. Kipande cha kwanza ni saa moja na nusu, cha pili ni kama saa nane na ni usiku. Kurudi hivyohivyo. Tiketi nilinunua kwa wakala wa mtandaoni.

Fundi Rada
Sasa tunaweza kuongea. Malipo ya kiti kwa kawaida ni ya kila kipande cha safari. Watu wanne, vipande vinne kwenda na kurudi, hivyo ni viti 16. Hakikisha hiyo robo uliyoitaja ni ya vyote 16, isije ikawa umeona kipande kimoja tu.

La pili ni huyo wakala. Usimlipe yeye viti. Chukua namba ya bukingi, ile ya herufi na tarakimu, jumla sita, uingie nayo kwenye tovuti ya shirika. Na angalia nani anairusha ndege kweli. Kama tiketi ina jina la shirika moja na ndege ni ya jingine, mara nyingi yule anayerusha ana namba yake tofauti ya bukingi, na viti unavichagulia kwake. Hapo ndipo pesa za watu hupotelea: umelipia upande mmoja, upande wa pili hawana habari.

La tatu, ndege ni aina gani? Kwa watu wanne hili ni kubwa kuliko dirisha na korido mnavyogombania. Boeing 777 nyingi zina mpangilio wa 3-4-3 (viti vitatu, korido, vinne, korido, vitatu), kwa hiyo safu ya katikati D, E, F, G inawameza wote bila mgeni. Airbus A330 kwa kawaida ni 2-4-2, nayo inafaa hivyohivyo. Boeing 787 na A350 nyingi ni 3-3-3, hapo mmoja wenu anavuka korido. Na kipande kifupi kikiwa ni Embraer ya 2-2, kiti cha katikati hakipo kabisa. Kipande hicho kiache bila kulipia.

Asubuhi Mapema
Mimi napinga kulipa, na nitasema kwa nini. Ile ramani inayoonekana imejaa inakusukuma ununue. Viti vya kijivu si vyote vimeuzwa. Vingine vimezuiliwa kwa wasafiri wa mara kwa mara, vingine vinashikiliwa kwa ajili ya kaunta ya uwanjani, na chekini ikikaribia vinaanza kuachiwa. Mashirika mengi hufungua chekini ya mtandaoni saa 24 kabla ya kuruka, mengine saa 48. Weka kengele, ingia dakika ileile, chagua. Kamati moja ya Seneti ya Marekani ilitoa ripoti Novemba 2024: mashirika matano ya huko yalikusanya dola bilioni 12.4 kutokana na viti pekee kati ya 2018 na 2023. Hizo ni pesa za watu walioogopa ramani.

Mama Tausi
Asubuhi Mapema, wewe unasafiri peke yako, ni wazi. Mtoto wa miaka 4, safari ya usiku, halafu kengele ilie ukute nauli yenu ni ile ya chini kabisa isiyoruhusu kuchagua hata wakati wa chekini? Zipo za hivyo. Unapangiwa na mfumo, basi.

Kipanga
Naomba niwaeleze yaliyonipata, kwa sababu hapa mnaongea kana kwamba ukilipa kiti ni chako.

Nilikuwa nasafiri na baba yangu, mzee ambaye goti lake halikunji vizuri. Mlango wa dharura hawezi kukaa, pale wanataka mtu anayeweza kusaidia kuufungua. Nikalipia viti viwili vya safu ya kwanza nyuma ya ukuta, ambako hakuna kiti mbele yako. Bei ilikuwa ya juu, lakini kwa goti lile niliona ni haki yake.

Siku chache kabla ya safari shirika likabadilisha ndege. Hawakutuma barua pepe. Tumefika kaunta, dada anachapa pasi zetu za kupandia, naona namba ni za thelathini na kitu. Namwambia, dada hivi sivyo. Ananijibu kwamba ndege mpya ina safu tofauti, mfumo umetupanga upya na safu za mbele zimejaa. Mzee akawekwa katikati ya watu wawili asiowajua, mimi safu mbili mbele yake. Namshukuru kijana aliyekuwa korido, alimwangalia mzee anavyohangaika kuingiza mguu, akasimama mwenyewe bila kuombwa, akampa nafasi. Ila hata hapo mzee alinyoosha mguu koridoni, na kila toroli ikija inabidi aukunje kwa mikono miwili, akiukamata chini ya goti. Mimi nilikuwa nageuka nyuma kila nikisikia magurudumu.

Kudai pesa ndiyo hadithi nyingine. Kwanza walisema huduma ilitolewa, kwa sababu kila mtu alikaa kwenye kiti. Nikatuma risiti yenye namba za viti vya awali. Wakataka pasi za kupandia. Bahati nilizitunza. Wakanyamaza. Nikaandika tena, wakaniletea vocha ya safari ijayo, nikaikataa. Ilichukua miezi hadi pesa kurudi, na hakuna mahali waliposema pole kwa mzee.

Ushauri wangu: lipa ukitaka, lakini piga picha ya skrini, tunza risiti, tunza pasi, na ingia kwenye bukingi yako kila baada ya siku kadhaa uone kama namba za viti bado ni zilezile. Na kama una mgonjwa, toa taarifa kwa shirika mapema ili iandikwe kwenye bukingi. Usitegemee malipo peke yake.

Fundi Rada
Pole sana mkuu, na mzee apewe pole. Masharti ya mashirika karibu yote yanasema kiti mahususi hakihakikishwi. Kilichobadilika ni kwamba Marekani, kwa kanuni ya mwaka 2024, huduma uliyolipia usipopewa lazima urudishiwe pesa.

Dirishani Daima
Lakini Kipanga, hiyo ni sababu ya kudai, haiwi sababu ya kutolipa. Asiyelipa hana hata cha kudai.

Asubuhi Mapema
Na asiyelipa hana miezi ya kuandikiana barua.

Safari_Njema
Nimeangalia, hicho kipande kirefu ni 787. Kwa hiyo 3-3-3. Vipi nikichukua ile safu ya mlango wa dharura, naona ina nafasi kubwa ya miguu?

Mama Tausi
Na watoto? Haiwezekani. Watoto hawaruhusiwi kukaa pale. Tena kwa kawaida begi haliwekwi miguuni wakati wa kuruka na kutua, na viti vilivyo mbele ya safu hiyo mara nyingi havilali. Safu ya ukutani nayo meza inatoka ndani ya sehemu ya kuegemea mkono, kwa hiyo sehemu hiyo haiinuki, na mtoto hawezi kukulalia mapajani. Kwa mtoto wa miaka 4 safu ya kawaida ni bora.

Chukua watatu safu moja, wa nne avuke korido safu ileile. Ukitaka kupunguza gharama, lipia mzazi mmoja na mtoto mdogo pamoja kwenye kipande cha usiku. Mkubwa na mzazi wa pili watabahatisha. Na wakitenganishwa, mtaomba kubadilishana.

Mzee wa Korido
Hapo kwenye kubadilishana ndipo siafiki. Mimi nimelipia korido, anakuja mtu na uso wa huruma anataka nihamie katikati, safu ya nyuma kabisa karibu na choo. Siondoki. Ukiomba, omba kwa kiti cha aina ileile au bora zaidi.

Mama Tausi
Hata kama ni mtoto wa miaka 4 analia?

Mzee wa Korido
Mwenye kutatua hilo ni shirika lililowauzia tiketi likijua umri wake. Abiria aliyelipa hana deni.

Kipanga
Yule kijana aliyempisha mzee wangu naye alikuwa amelipa. Nilimuuliza.

Mzee wa Korido
Na Mungu ambariki. Lakini alijitolea, hakuombwa. Ndicho ninachosema.

Dirishani Daima
Tukiwa hapo, kuna hili la kulaza kiti. Nafasi kati ya safu na safu daraja la kawaida ni kama sentimita 71 hadi 81, inategemea shirika. Wa mbele akilaza wakati wa chakula, hata uma huwezi kuuinua. Kwa nini watu hawageuki kwanza wakaangalia?

Asubuhi Mapema
Kitufe kipo kwenye kiti chake, amekilipia. Wakati wa chakula ainue, saa nyingine alale.

Mzee wa Korido
Kwa hilo tuko pamoja. Safari ya mchana asilaze kabisa.

Safari_Njema
Nimewasoma wote. Vipande vifupi sivigusi. Kwa kile kirefu mke bado anataka vyote vinne, mimi naona viwili vinatosha, tutaongea leo usiku. Swali moja: nikilipia kwenye tovuti ya shirika sasa, halafu wakala akibadilisha chochote kwenye tiketi, viti vinabaki?

Fundi Rada
Inategemea amebadilisha nini. Tiketi ikitolewa upya, viti vinaweza kudondoka. Ingia uangalie mara tu akikugusia mabadiliko, na umuulize kabla hajabonyeza.

Dirishani Daima
Na ukichagua dirisha kwenye hiyo 787, mweke hapo huyo wa miaka 9. Madirisha yake ni makubwa kuliko ya ndege nyingi, na hayana pazia la kushusha, yana kitufe cha kutia giza.

Mzee wa Korido
Ambacho wahudumu wanaweza kukifunga wao usiku kucha.