MJADALA: Ruzuku ya gesi iwekwe kwenye mtungi au kwenye kujaza?

Wakuu habari za saa hizi. Naomba tujadili hili la nishati safi ya kupikia bila kuingiza vyama, maana kila likianza linaishia kwenye vyama na wanaovuta moshi tunawasahau.

Mkakati wa taifa ulizinduliwa Mei 2024, lengo ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Lengo naliunga mkono kabisa. Serikali yenyewe imekuwa ikitaja vifo 33,000 kwa mwaka vya moshi wa kuni na mkaa, na anayevuta moshi huo ni mama na mtoto aliye mgongoni kwenye jiko la nje lisilo na dirisha.

Ninapogoma ni hapa: hela inaenda kwenye mtungi. REA (Wakala wa Nishati Vijijini) wanapeleka mitungi ya kilo 6 kwa nusu bei, viongozi nao wanagawa ya bure kwenye mikutano, sawa, ila gesi ikiisha? Kujaza kilo 6 hapa Dar ni zaidi ya elfu ishirini na unatakiwa uwe nayo yote mkononi, sasa mtu anayeishi kwa hela ya siku anaipata wapi, yeye ana buku la mkaa leo na kesho akipata atanunua wa buku tena, mwisho wa mwezi pengine katumia zaidi ya jirani yake wa gesi lakini hakuna siku hata moja aliyoweza kutoa ile yote kwa mpigo. Kwahiyo wanaosema "wamezoea mkaa, wapewe elimu" nakataa. Mama ntilie hesabu anazijua.

India walipita huku huku. Mpango wa Ujjwala ulianza 2016, mamilioni ya kina mama masikini wakaunganishiwa gesi, halafu wengi wakawa hawajazi, wakarudi kwenye kuni. 2022 serikali ikabidi iweke ruzuku kwenye kujaza kwenyewe, rupia 200 kwa mtungi, mwaka uliofuata ikapanda mpaka 300. Kenya nao 2021 waliweka VAT ya asilimia 16 kwenye gesi, wakaja kuifuta 2023. Sisi tuna sababu gani ya kusubiri?

Kuna atakayesema ruzuku ya kujaza italiwa na wajanja. Inawezekana, ila njia ipo: mtungi wenye mita, unalipia kwa simu kadiri ya hela uliyonayo hata kama ni ya kupika chai tu. Kampuni ya KopaGas walianza nayo hapa hapa Tanzania! Ruzuku ikipitia humo inamfikia mpishi moja kwa moja na kila senti inaonekana.

Halafu umeme, huu ndo unaniuma zaidi. Bei ya D1, yaani kundi la TANESCO la wateja wa nyumbani wenye matumizi madogo, ni shilingi 100 kwa yuniti kabla ya kodi, ila usizidi yuniti 75 kwa mwezi, ukizidi zile za juu ni 350. Sasa nyumba ya kupanga, familia tano mita moja ya LUKU (umeme wa kulipia kabla), yuniti zao zinajumlishwa, D1 wataiona wapi? Wenye kipato kidogo kabisa mjini ndo wanalipa bei ya juu, kisa wamebanana. Na aliye peke yake kwenye D1 unamwambia anunue jiko la presha la umeme, akipikia kila siku anavuka 75, anaadhibiwa kwa kutii. Kwanini yuniti za kupikia zisihesabiwe tofauti?

Katazo la kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 nalikubali, shule na magereza zina bajeti. Ila wanaotaka katazo hilo lishuke majumbani kabla bei ya kujaza haijashuka, waje hapa waseme huyo mama apikie nini siku gesi imeisha na mfukoni ana buku mbili.

Wapangaji mnaochangia LUKU, nyie yuniti mnanunua kwa bei gani na mnagawanaje anayepikia umeme na asiyepikia?