Kaka mshipa mkuu wa moyo umetanuka ila haumwi popote, anaambiwa apasuliwe kifua. Mliopitia haya nisaidieni

Bintiufipa:
Wakuu habari za leo, mnivumilie stori ni ndefu kidogo. Kaka yangu ana miaka 33, dereva wa malori, mrefu yule mpaka anainama milangoni, vidole virefu, mwembamba hata ale vipi, tangu shule ya msingi wanamwita twiga. Mwezi jana alienda kupima macho maana alikua haoni vizuri usiku, daktari wa macho akaangalia weee akasema lenzi ya jicho imesogea kidogo mahali pake, afu akamuuliza ushawahi kupima moyo? Tukabaki tunashangaa, macho na moyo wapi na wapi. Akapimwa eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, wakarudia kwa siti skani, majibu yanasema ule mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo, aota, umetanuka pale kwenye shina lake mpaka sentimita 5.1. Wanasema ni ugonjwa wa Marfan.

Sasa dokta anataka apasuliwe na asichelewe, rufaa ya Dar imeshaandikwa. Tatizo kaka haumwi!! Hachoki, hana maumivu, juzi tu kabadilisha tairi la lori peke yake. Mama amekataa katakata, anasema mtu anatembea na miguu yake mnampeleka akafunguliwe kifua arudi kwenye sanduku? Baba mdogo ndo kabisa, anasema yale ya baba yanataka kujirudia, maana baba alianguka shambani akiwa na miaka 41, alishika kifua akasema kinachanika mpaka mgongoni, jua halikuzama akawa amefariki. Pale kijijini kila mtu anajua habari ya ule mgogoro wa mpaka wa shamba, sitaki kuurudia hapa.

Naomba kujua, hawezi kunywa dawa tu akasubiri? Na nasikia siku hizi wanapitisha waya kwenye paja bila kupasua kifua, kwa nini yeye asifanyiwe hivo? Na akiwekewa valvu ya chuma, kile kimlango cha damu kwenye moyo, maisha yanakuaje, lori ataendesha tena? Mwenye uzoefu aongee, kejeli sitaki.

Mzee wa Busati:
Pole binti. Ila mi ningekua we nisingekimbilia kisu. Shangazi yangu aliambiwa hivo hivo moyo umetanuka, wakampa madawa mfuko mzima, akaachana na chumvi akawa anatembea asubuhi, mwaka wa 9 huu yupo anauza vitumbua. Mtu haumwi unampasua wa nini? Hela tu hizo.

Nesi wa Zamu:
Mzee wa Busati shikamoo, lakini hapo umechanganya mafaili. Moyo kutanuka ni kitu kingine na mshipa kutanuka ni kitu kingine kabisa. Moyo wa shangazi yako ulikua ni msuli uliochoka, huo dawa zinausaidia sana na mtu anaweza kukaa nao miaka. Huyu kaka moyo wake wenyewe inawezekana ni mzima kabisa, shida ni ukuta wa bomba. Mwenye Marfan ile gundi inayoshikilia nyama za mwili imetengenezwa pungufu, ndo maana viungo vinakua virefu na vinalegea, lenzi ya jicho inachomoka, na aota inavimba kama tairi lenye kidonda. Shina la aota la mtu mzima kawaida halizidi sana sentimita 4. Bomba likifika 5 kwa mtu wa Marfan wanasema fanya, na kama kwenye ukoo kuna aliyechanika mshipa hawasubiri hata hiyo 5, kwenye 4.5 wanaanza kuongea habari ya kupasua.

Na hapa Bintiufipa naomba usome taratibu. Ulivoandika kuhusu marehemu baba yako, kifua kinachanika mpaka mgongoni, ghafla, mtu wa miaka 41. Mi sikuwepo na hakuna aliyempima, siwezi kuapa. Lakini nimekaa ICU miaka, na maneno hayo hayo nimeyasikia kwa wagonjwa ambao ukuta wa ndani wa aota umechanika na damu imejipenyeza katikati ya kuta. Hawasemi kinauma, wanasema KINACHANIKA. Mshipa ukichanika huko karibu na moyo, kila saa inayopita inaondoka na mgonjwa 1 au 2 kati ya 100, siku mbili za kwanza. Sumbawanga mpaka Dar ni masaa mangapi, piga hesabu mwenyewe.

Kuna mchezaji wa voliboli wa Marekani alikua anaitwa Flo Hyman, dada mrefu mita 1.96, alipata medali ya fedha Olimpiki ya 1984. Mwaka 1986 akiwa Japani kwenye mechi alitolewa akakaa benchi, akaanguka pale pale akafariki, ana miaka 31. Mwanzo watu wakasema shambulio la moyo. Familia ikataka uchunguzi, ikaonekana aota imechanika, ni Marfan, hakuna aliyewahi kumwambia. Baada ya hapo wakampima kaka yake, wakamkuta naye anayo, wakampasua mapema, akapona. Kaka yake naye kabla ya kupimwa alikua anatembea tu kama wa kwenu.

Dawa atapewa ndiyo, atenolo au losatani, zinapunguza nguvu ya damu kugonga ukuta na kuchelewesha kutanuka, ila kilichotanuka hazikirudishi. Matairi ya lori aache leo, sio kesho. Na kitu ambacho watu hawakijui, asinunue sipro, ile antibayotiki, duka la dawa kila akiharisha au mkojo ukimuwasha, tangu 2018 Marekani walitoa onyo kwamba dawa za kundi hilo zinaongeza hatari ya mshipa kuchanika kwa watu kama yeye. Kila akienda kutibiwa aseme.

Tikitaka:
Mimi nina valvu ya chuma mwaka wa 6, jina langu humu nimelitoa huko. Usiku nikilala kwa ubavu naisikia tik tik tik kama saa ya ukutani, mke wangu alihangaika mwezi wa kwanza, sa hivi anasema isiposikika ndo hatolala.

Yangu haikua Marfan, ilikua valvu iliyoharibiwa na ile homa ya baridi yabisi ya utotoni, na hospitali moja nisiyotaka kuitaja ilinitibu vidonda vya tumbo na nimonia mwaka mzima wakati mi napanda ngazi nne naona giza. Tuyaache hayo.

Nikwambie ukweli, upasuaji ni wiki mbili, waffarini ni maisha. Dawa ya kuzuia damu isigande unakunywa kila siku saa ile ile, ukiacha siku kadhaa damu inaganda kwenye chuma na unaweza kupooza, ukizidisha unatokwa damu puani na kwenye fizi. Kwa hiyo kuna kipimo kinaitwa INR cha kuona damu inachelewa kuganda kiasi gani, unatolewa damu, mimi natakiwa niwe kati ya 2.5 na 3.5 kwa sababu yangu ni valvu ya mitro, ile ya ndani ya moyo upande wa kushoto, ya aota huwa wanataka 2 mpaka 3. Mchicha, kisamvu na majani ya kunde unakula, wasikutishe, ila ule kiasi kile kile kila wiki, sio wiki hii hamna wiki ijayo umekula beseni. Diklofenaki marufuku. Flajili ilinipeleka INR mpaka 7 nikalazwa, nilikua nimejinunulia tu kwa ajili ya tumbo. Mitishamba ndo usiseme.

Sasa dereva wa malori anayelala Tunduma leo kesho Lubumbashi, hiyo INR atapima wapi na saa ngapi? Hapo ndo pa kumuuliza daktari kabla hajasaini. Dar ipo taasisi ya moyo pale Muhimbili tangu 2015, zamani wengi wetu tulikua tunangoja ndege ya India na wengine walifia kwenye foleni ya kibali. Sa hivi hata mama yako anaweza kwenda na kitenge chake akakaa nje ya wodi. Mama yangu alikua na woga huo huo, kilichomtuliza ni kumuona jirani wa kitanda changu anaenda chooni mwenyewe siku ya nne.

Fundi Pampu:
Naandika kutoka London, kazi yangu ni kuendesha ile mashine ya moyo na mapafu kwenye chumba cha upasuaji, sio daktari lakini nasimama mita mbili kutoka kwenye kifua. Samahani kwa kirefu.

Kwanza waya wa pajani. Upo na umeokoa wengi, daktari Cribier kule Rouen Ufaransa aliweka valvu ya kwanza ya aota kwa njia hiyo 2002, lakini hiyo imetengenezwa hasa kwa wazee ambao valvu imekakamaa kwa chokaa. Na zile stenti za kitambaa, mirija inayowekwa kwa ndani ya mshipa, zinakaa vizuri kwenye aota ya chini, inayoshuka mgongoni na tumboni. Shina ni habari nyingine, pale ndo valvu inakaa na ndo inapotoka mishipa miwili midogo inayolisha moyo wenyewe, ukiweka stenti pale umeziba chakula cha moyo. Na ukuta wa Marfan ni laini, stenti inahitaji ukuta wa kuishikilia. Kwa hiyo kaka ni kifua kufunguliwa, hakuna njia ya mkato.

Kuna namna mbili kuu. Ya zamani ni ya daktari Bentall, London hapa 1968, unatoa shina lote pamoja na valvu, unaweka bomba la kitambaa lenye valvu ya chuma ndani yake, ile mishipa miwili unaishona upya kwenye bomba. Imara sana, ila ndo hiyo tik tik na waffarini. Ya pili ni ya Tirone David wa Toronto, aliitoa 1992, unabadilisha bomba tu, valvu ya mtu mwenyewe unaibakiza na kuishonea ndani. Ikikubali, hakuna waffarini ya maisha. Lakini inataka valvu iwe bado nzima, na ndo sababu NYINGINE ya kutosubiri, maana bomba likiendelea kutanuka linavuta valvu mpaka haifungi na inaharibika. Pia inataka mkono uliozoea, msione aibu kumuuliza daktari bingwa umefanya ngapi za hivi na wangapi wamerudi kupasuliwa tena. Akikasirika ujue jibu. Kama hajazoea ya David, Bentall iliyofanywa vizuri ni bora kuliko David ya kujaribia.

Kuna hata mgonjwa aliyejitengenezea njia yake, Tal Golesworthy, injinia Mwingereza mwenye Marfan, alikataa habari ya waffarini akachukua picha za aota yake akachora soksi ya wavu ya kuivalisha kwa nje, akawa wa kwanza kuvalishwa 2004. Inafanyika mpaka leo kwenye vituo vichache ila kwa ambao bomba halijatanuka sana.

Hesabu sasa, maana mama atauliza. Kwenye vituo vyenye uzoefu, kati ya watu 100 wanaobadilishiwa shina kwa kupanga, hawajachanika, wanaofariki ni kama 1 au 2. Wanaoletwa mshipa umeshachanika, na hapo naongelea hospitali kubwa za dunia, wanaofariki baada ya upasuaji ni kama 18 kati ya 100, miaka ya tisini walikua 25. Na hao ni wale waliowahi kufika. Mwaka 1972 watu wa Marfan kwa wastani walikua wanakufa na miaka 32. Kufika miaka ya tisini nusu yao walikua wanatarajiwa kuvuka 70. Hilo bomba la kitambaa ndo limechangia sehemu kubwa.

Na woga sio wa mama peke yake. Daktari wa upasuaji Mmarekani DeBakey, yule yule aliyenunua kitambaa cha dakroni dukani Houston akashona mabomba ya kwanza kwa cherehani ya mke wake, alichanika aota mwenyewe 2005 akiwa na miaka 97. Alijua ni nini, na akakataa kwenda hospitali. Akaja kupasuliwa mwezi wa pili 2006 akiwa hajitambui, baada ya mke wake kuingia kwenye kikao cha madaktari kuwaambia wasiendelee kukaa. Akapona, akarudi kazini, akafariki 2008 na miaka 99.

Mzee wa Busati:
Sawa nimeelewa, sikujua kama ni vitu viwili. Ila hiyo habari ya mzee wa miaka 97 mmetunga.

Fundi Pampu:
Haijatungwa mzee wangu, ilitoka mpaka magazetini.

Nesi wa Zamu:
Bintiufipa bado upo? Kuna kitu hatujakuuliza. Marfan mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Nyie mko wangapi, na wewe una urefu gani?

Bintiufipa:
Nipo, nimesoma yote nimelia kidogo. Tuko wanne. Mi nina futi 5 na inchi 11, na nikikunja kidole gumba ndani ya ngumi kinatokea upande wa pili, nlikua nadhani ni maringo yangu tu.

Jana usiku nilimsomea mama maneno ya Nesi, pale pa kinachanika. Akanyamaza muda mrefu. Akasema baba yenu na macho pia yalikua yanamsumbua, alikua anaweka Biblia karibu na pua. Hakusema ndiyo wala hapana, ila asubuhi nikamkuta anapiga pasi shati la kaka la kusafiria. Tunaondoka Jumapili. Baba mdogo bado amenuna, anasema twende lakini tupitie kwake kwanza.

Lori kamwachia tanboi wake. Na swali la INR na lile la umefanya ngapi nimeyaandika kwenye karatasi, ntauliza mi maana kaka ana aibu.

Sa hivi niko hospitali ya mkoa, nimewaleta wadogo zangu wawili na mimi mwenyewe kupima eko. Namba yangu 27, wameita 11.

Tikitaka:
Ukifika Dar mwambie kaka anunue mto mdogo mgumu wa kukumbatia kifuani akitaka kukohoa. Siku ya kwanza ya kukohoa ndo utanikumbuka.