Daftari la poka linanichanganya, naomba ushauri

Wakuu, habari za jioni. Niko Kigoma, Mwanga, nacheza poka (karata za pesa) kwenye simu, dau dogo tu. Tangu Januari naandika kila kitu kwenye daftari la dukani, nyuma ya kurasa za madeni ya sukari: mchezo, saa, nilichoingiza, nilichotoka nacho. Hesabu inasema Omaha (poka ya karata nne mkononi) inanila, Texas Hold'em (ile ya karata mbili) ya watu sita inanilipa, hasa asubuhi. Usiku nikishafunga duka, hasara tupu. Mashindano nimeingia 40, faida yote imetoka kwenye moja nililoshika namba moja. Nikilitoa hilo, nimeliwa.

Je, raundi 6,000 nilizocheza zinatosha kuiacha Omaha, au ni karata mbaya tu? (Mke wangu anasema niache yote. Hilo nimeshalisikia.)