Zuhura kafungiwa mlango kwa nje, mimi nimetolewa grupu. Na hela yangu imeliwa

Binti Arosto (mleta mada)

Wakuu, mikono inatetemeka, nikiruka herufi mnisamehe.

Simtaji jina. Mnamjua. Yule yule mtunzi wa hadithi za grupu, wa kufungua kila sehemu na "wapenzi wa damu yangu" na kuikatisha pale mtu ameshika kitasa. Nusu yenu humu mna namba yake, nusu mnasoma kwa kuibia simu za wenzenu, kwa hiyo msinikodolee macho.

Sehemu ya 1 mpaka ya 40 ilikuwa bure. Ya 41 mpaka ya 80 ni shilingi 3,000, na makato ya kutuma juu yako. Nikatuma. Mimi, fundi cherehani wa Tabata ambaye jana tu nimegombana na konda kwa ajili ya mia mbili, nimemtumia elfu tatu mtu nisiyemjua hata sura. Kwa ajili ya Zuhura.

Kwa waliokuwa usingizini: Zuhura alitekwa na mchumba wake, akafungiwa stoo siku kumi na moja, yeye na magunia ya mkaa, komeo kwa nje. Alipotoka hakuweza tena kulala mlango ukiwa umefungwa. Hata kuoga, mlango wazi, ndoo imewekwa iuzuie. Akisikia komeo la jirani, magoti yanamwisha. Ndipo akaletewa Kapteni Jafari wa kumlinda, komandoo mstaafu wa miaka thelathini na mbili, mabega kama kabati la nguo. Sehemu ya 12, jamani, nani ameisahau sehemu ya 12? Jafari kakusanya funguo zote za nyumba, kamwekea Zuhura kiganjani, kamkunja vidole kimoja kimoja, akaenda kulala barazani na mbu. Barazani! Wanaume wetu hawa hata mbwa akibweka wanatusukuma sisi tukaangalie. Siku ile nililia mpaka mteja akaniuliza msiba uko wapi.

Haya. Leo mchana napiga pasi gauni la kitenge la mtu, la kicheni pati ya Jumamosi. Simu nimeiegemeza kwenye kopo la vifungo. Sehemu ya 58 ikaingia. Adui kaonekana Kimara. Jafari anamwingiza Zuhura chumbani, anambusu paji la uso, anamwambia "nafanya hivi kwa sababu nakupenda," anatoka, ANAFUNGA MLANGO. KWA NJE. Ufunguo anatia mfukoni.

Mfukoni!

Nimekuja kushtuliwa na harufu. Pasi imetulia juu ya kitenge, na nilipoinyanyua, gauni la watu limetoka dirisha lenye umbo la pasi, nchani kuna ncha kabisa, pale pale makalioni.

Na sijawaambia bado. Unajua Zuhura kafanya nini kule ndani? Mtu aliyekaa siku kumi na moja na mkaa? "Zuhura akatabasamu, akajua sasa yuko salama." AKATABASAMU. Mlango umefungwa kwa nje, anatabasamu!

Nikaandika grupu kwa adabu zangu zote: "Kaka mtunzi, hongera kwa kazi, ila Jafari tunayemjua hawezi kufunga ule mlango." Akanijibu mbele ya watu mia mbili: "Dada, umelipia kusoma, hujalipia kushauri." Vicheko vikamwagika. Nikamwambia basi nirudishie hela ya sehemu 22 zilizobaki. Kanitoa. Kwa nje. Ufunguo mfukoni.

Kipara Ngoto

Uzi mrefu. Nimeishia makalioni.

MbogaSaba

Hii ni chai. Komandoo gani anastaafu na miaka 32?

Binti Arosto

Mkuu, ni HADITHI. Chai ndiyo bidhaa yenyewe tunayonunua. Mimi nalalamikia sukari.

Utingo Mstaafu

Mimi nilimtema tangu sehemu ya 33. Jafari katoka Kimara saa moja usiku na Noah, saa nne usiku hiyo hiyo anabisha hodi Mbeya. Dar mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800! Mikumi peke yake barabara inakata hifadhi kilomita kama 50, usiku unatakiwa uende taratibu, ukigonga mnyama unapigiwa hesabu kwa dola. Bado mlima wa Kitonga. Ukiwekwa nyuma ya semi lenye mzigo pale Kitonga unamenya chungwa, unalila, unamenya la pili, kona ni ile ile. Huyu kapita na busu juu.

Nesi wa Zamu

Mlango nakuunga mkono, ila yangu ni mawili. Sehemu ya 9 Zuhura kafikishwa hospitali, kapigwa, uso umevimba, daktari anamwambia macho yake mazuri, na mpaka anaruhusiwa hakuna kiumbe aliyetaja PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Hata mlinzi wa getini kwetu angeuliza. La pili, sehemu ya 30 kabusiwa mara moja, ndoto mbaya zikakoma. Zote. Mtu mwenye kiwewe miezi inapita, miaka inapita, akisikia tu sauti inayofanana mwili unarudi kule kule, hata kama kichwani anajua yuko kwake. Yeye busu moja. Kama lingekuwa linafanya kazi tungeagiza kwa katoni.

Shangazi Kiroboto

Nesi, mabusu yakija kwa katoni nikumbuke.

Mzee wa Kale

Vijana mnapata mnachostahili. Sisi tumekulia kwa riwaya za Musiba, mpelelezi wake Willy Gamba yuko kazini tangu Kufa na Kupona ya 1974. Baadaye Mtobwa akatuletea Joram Kiango na Nuru wake. Ulikuwa unanunua kitabu mara moja, mwisho unao mkononi. Roho ikikuuma unafunua ukurasa wa mwisho, unachungulia nani amebaki hai, unarudi unasoma kwa amani. Nyie mnanunua kitasa kwa awamu.

Chachandu

Mzee, Willy Gamba alikuwa anawafungia wanawake mlango?

Mzee wa Kale

Hakuwa mtu wa kukaa nyumbani.

MbogaSaba

Mimi namtetea Jafari. Adui yuko Kimara na silaha, ulitaka amwache mwanamke na mlango wazi? Angeuawa mngesema mlinzi gani huyu. Wanawake hamridhiki.

Binti Arosto

Angempa UFUNGUO, MbogaSaba. Afunge mwenyewe kwa NDANI. Mlango ni ule ule, komeo ni lile lile, adui Kimara yule yule, mkono tu ndio unabadilika. Sehemu ya 12 alijua, ya 58 kasahau? Yule mtekaji naye alikuwa anampenda, alisema hivyo hivyo, tena kwa maneno hayo hayo, rudi sehemu ya 3 ukasome!

Mgeni wa Zamani

Huwa sichangii, nasoma tu. Mimi niliwahi kufungiwa. Sio stoo, ni chumbani kwangu, na aliyefunga alisema ni kwa usalama wangu. Leo nilipofika pale Zuhura anatabasamu niliweka simu chini nikaenda kufungua madirisha yote, na mvua inanyesha. Sina la kuongeza.

Nesi wa Zamu

Pole dada. Njoo inboksi ukijisikia.

Kipara Ngoto

Pole sana.

Shangazi Kiroboto

Pole mama. Mungu akutunze.

Ila sasa mleta mada, samahani, mimi bado niko kwenye gauni. Hivi nyie mafundi cherehani mnapata wapi ujasiri wa kumlalamikia mtu kwamba kakatisha kazi njiani? Nilipeleka kitambaa wiki tatu kabla ya Idi. "Njoo kesho." Nikaenda kesho. "Bado vifungo tu mama." Nguo haikuwa na vifungo! Ilikuwa dera!

Chachandu

Hahaha, bado vifungo tu. Wangu aliniambia umeme umekatika, na anatumia cherehani ya kukanyaga kwa miguu.

Utingo Mstaafu

Mimi nilikutana na kitambaa changu kwenye daladala ya Mbagala. Nilipeleka mita tatu za suti, fundi akasema haitoshi, ongeza nusu. Nikaongeza. Naingia kwenye gari, namkuta mwanawe kavaa kaptula yangu, ina mpaka mfuko wa nyuma. Akanisalimia shikamoo.

Binti Arosto

Jamani uzi ni wa MLANGO. Hela yangu 3,000. Sehemu 22.

Kipara Ngoto

Utingo, uliitikia?

Utingo Mstaafu

Nilisema marahaba, ningefanyaje. Ilimkaa vizuri kuliko suti ilivyonikaa mimi.

Mzee wa Kale

Zamani fundi alikupima kwa kamba na hukusikia malalamiko.

Shangazi Kiroboto

Kamba ndiyo ilianza haya yote, mzee.

Mpishi wa Segerea

Samahani mleta mada, nimechelewa kuona huu uzi. Tabata ipi?

Binti Arosto

Tabata ni kubwa, dada.

Mpishi wa Segerea

Naelewa ni kubwa. Hicho kitenge kilichoungua kina tausi?

Chachandu

Nimekaa pale, kushoto kwa Kipara. Mwenye karanga apitishe.

Mpishi wa Segerea

Tausi wa kijani, mkia umeshuka mpaka kwenye pindo. Maana nimepiga simu yako mara nne inaita tu, na mimi ndiye mama wa bibi harusi.

MbogaSaba

Sasa hii ndiyo sehemu ya 59.

Utingo Mstaafu

Ila nirudi kidogo kwa mtu aliyeniandikia inboksi kwamba Noah inapanda Kitonga bila shida. Inapanda, ndiyo. Lakini na abiria saba na magunia mawili ya viazi? Tusidanganyane. Mimi pale nimewahi kushuka nikaweka jiwe nyuma ya tairi kwa mkono wangu huu.

Chachandu

Kwanza Noah ya mwaka gani?

Utingo Mstaafu

Ile ya zamani, yenye pua fupi.

Chachandu

Hiyo hata Kimara haipandi.

Nesi wa Zamu

Wadau, nimeona sehemu ya 59 imeshatoka grupu la pili. Nasikia Zuhura kavunja dirisha.

Binti Arosto

KAVUNJA DIRISHA?? Nesi, nitupie. Ya 59 tu, nyingine sitaki hata kuziona. Nipe na ya 60.

Mpishi wa Segerea

Ahaa, kumbe upo hewani. Tausi, ndiyo au hapana?