Yule kijana wa gambuti za njano amekata mshipi wangu kwa meno, kambale akiwa bado kwenye ndoano

Ndugu wanajukwaa, ninaandika nikiwa na tope magotini na suruali haijakauka, kwa hiyo anayetaka maneno ya upole atafute uzi mwingine. Nimetoka bwawani Iyunga sasa hivi. Ninyi mnaovua mabwawa ya mjini hapa Mbeya mnamjua ninayemsema, wala sina haja ya kumtaja jina, kwa kuwa hakuna shimo lenye maji kati ya Mbalizi na Uyole ambalo hajaliingia na kile chandarua chake. Leo amekata mshipi wangu kwa meno. Kwa meno, ndugu zangu!

Wasiolijua bwawa hilo niwaeleze kidogo. Ni shimo lililo nyuma ya maghala, si mbali na reli, na wazee wa mtaa husema lilichimbwa ili kupata kifusi wakati TAZARA inajengwa, kati ya 1970 na 1975, kisha mvua na mifereji ikalijaza. Upana wake ni wa mtoto kurusha jiwe likavuka. Upande mmoja kuna matairi na mifuko ya saruji iliyoganda, upande wa pili kuna matete, na maji yake ni ya kijani mwaka mzima. Hilo ndilo ziwa letu sisi ambao nauli ya kwenda Kyela, kwenye Ziwa Nyasa, kila Jumamosi hatuna. Perege wamo, lakini ni wa kiganja tu, kwa sababu huku juu, mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari, baridi haiwaachi wakue upesi, na ikifika Juni na Julai hugoma kula hata ungewapikia pilau. Kambale ndiye mkubwa wa pale, maana maji yakiwa mabovu yeye hupanda juu akavuta hewa kama mimi na wewe, akashuka kuendelea na shughuli zake.

Kambale wangu nilimfuatilia tangu mvua za Machi. Alikuwa akipanda mahali pale pale, mbele ya tairi la trekta, alfajiri kabla jua halijatoka, yaani saa ambayo maji ya bwawa huwa yamepungukiwa hewa kuliko saa zote za siku. Nimempelekea nyungunyungu, akakataa. Nimempelekea ugali uliokandwa na dagaa wa kusaga, akakataa. Nimemwamkia kambale huyo mara nyingi kuliko nilivyowaamkia wakwe zangu. Leo nikampelekea maini ya kuku yaliyovunda siku mbili, na saa 12:15 asubuhi boya likazama, likapotea kabisa, mshipi ukaanza kukata maji kuelekea kwenye matete kwa nguvu ambayo ingeweza kuvuta behewa kutoka Iyunga hadi Tunduma.

Nilikuwa nimemchosha. Nilikuwa nimekwisha kuuona mgongo wake mweusi na sharubu zake, hatua tatu kutoka ukingoni, pale yule kijana alipoingia majini kutokea upande wa maghala, yeye na mwenzake, wakiwa wameshika chandarua cha mbu huku na huku, wakilikokota bwawa zima kama watu wanaokunja mkeka. Hakuniamkia. Ni rika la mtoto wangu wa pili, na hakuniamkia. Chandarua kikamzoa kambale wangu pamoja na mshipi, boya na chubwi, ile risasi ya kuzamishia ndoano, nami nikabaki nimeshika fimbo iliyopinda, nikisema, “Mwanangu, huyo yuko kwenye ndoano yangu.” Akanitazama, akajibu, “Mzee, mshipi wako unanichania chandarua.” Kisha akainama, akaukata kwa meno, akatema kipande majini.

Ninaomba msome sentensi hiyo tena. Mshipi wangu unamchania chandarua! Mimi niliyefika kabla ya jogoo, mwenye ndoano mdomoni mwa samaki, ndiye ninayemharibia yeye zana, na zana yenyewe ni chandarua cha mbu, ambacho kila afisa uvuvi amekuwa akituambia miaka yote kwamba hakivuliwi samaki. Alipokimwaga ukingoni zilitoka perege ndogo kama mbegu za maboga, mamia kwa mamia, na perege jike wawili waliokuwa bado wamebeba vifaranga mdomoni, kwa maana ndivyo perege anavyolea. Akachagua wakubwa, waliobaki akawaachia nyasi. Msimu ujao tutavua nini pale, matairi?

Lakini hata hayo ningeyameza. Mtu anayetaka kukata mshipi wa mwenzake ana kisu, ana kiwembe, ana mdomo wa kusema samahani. Yule ametumia mdomo huo huo kung’ata. Ninyi mnaovua, niambieni ni lini mmewahi kuona mshipi wa mtu mzima ukikatwa kwa meno mbele ya macho yake.

Mvuvi wa Nzovwe: Pole sana mzee wangu. Huyo namfahamu vizuri mno. Mwezi uliopita aliingia kwenye mashimo ya matofali huku kwetu akaondoka na kila kitu, samaki, vyura na kiatu kimoja cha mwanangu, na nilipomdai kiatu aliniambia nimtajie alama zake. Zile gambuti za njano nikiziona hata sokoni moyo hunienda mbio.

Chubwi Nzito: Pole mzee, lakini tusome kumbukumbu zetu pia. Mwezi Aprili uliandika humu kwamba kambale huyo ana kilo mbili. Mwezi Julai akawa na kilo nne, tena katika baridi ambayo wewe mwenyewe unasema samaki hawali. Leo anavuta behewa. Tukikuacha hadi Krismasi utatuambia ameomba kazi TAZARA. Halafu, mvuvi wa kambale unatumiaje mshipi unaokatika kwa meno?

Mwenye uzi: Mshipi ulikuwa mpya, wa milimita 0.4, na nimenunua mita 100 kwa fedha yangu. Kilo za kambale si hoja. Hoja ni meno.

Mnyalukolo wa Kihesa: Kamwene! Ninyi watu wa Mbeya mnalilia chandarua kwa sababu hamjaonja ya kwetu Iringa. Huku kwenye mashimo ya matofali karibu na Ruaha Mdogo kuna mtu, nanyi wa Ipogolo mnamjua, ambaye hatumii ndoano wala wavu. Anaponda majani ya utupa kwenye gunia, anayakamulia majini, anakaa kivulini anasubiri. Baada ya muda samaki wote wanapanda juu wamefumbua midomo, wakubwa kwa wachanga, kwa kuwa utupa unawazuia kutumia hewa iliyomo majini, na watoto wanawaokota kwa vikapu. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakataza sumu waziwazi, na yeye anafanya hivyo saa nne asubuhi, watu wakimpita kwenda kanisani. Mzee, wewe umeibiwa kambale mmoja. Sisi tumeuliwa bwawa.

Mwenye uzi: Ndugu yangu wa Kihesa, ninakuhurumia kwa dhati, lakini je, huyo mtu wa utupa amekung’atia chochote?

Mama Sato Mwanjelwa: Mimi ni muuza samaki, naomba na mimi nisikilizwe, kwa sababu hasira zenu za mabwawani zinaishia kwenye meza yangu. Kuna mtu pale sokoni, majirani zangu mnamjua kwa kofia yake, anayechukua kambale kutoka kwenye mabwawa ya majitaka na kuwauza kama kambale wa bwawa la Mtera. Anawakausha kwa moshi mzito ili harufu ijifiche. Mteja akifika nyumbani, akiwatia maji ya moto, nyumba nzima inahama. Weka ndimu, weka tangawizi, weka kitunguu saumu kilo nzima, haisaidii. Kisha mteja huyo anakuja kunigombeza mimi, ambaye samaki wangu wanatoka Mtera kweli, wakiwa kwenye barafu. Wiki hii nimerudisha fedha mara tatu.

Mvuvi wa Nzovwe: Mama, sema vizuri. Mashimo yetu ya matofali si majitaka. Ni maji ya mvua na chemchemi, na perege wake hawana harufu yoyote. Watu wakisoma maneno yako watatukimbia.

Mama Sato Mwanjelwa: Sikusema Nzovwe, mwanangu. Wewe ndiye umejitaja.

Mlima Chai: Nipo Mafinga. Ninyi nyote mna bahati ya kuruhusiwa kusogea karibu na maji. Sisi tuna bwawa zuri la shamba la chai, perege wanaruka jioni unawaona kwa macho, na ukikaribia mlinzi anakufukuza kwamba ni mali ya kiwanda. Sawa, mali ni mali, nilikubali nikaondoka. Jumapili iliyopita nikapita njia ya juu, nikamkuta mlinzi yule yule amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, ameshika fimbo ya kuvulia, na fimbo yenyewe ni yangu, ile aliyoninyang’anya mwezi Mei! Nilimsalimia. Aliitikia, akaniomba ninyamaze nisiwatishe samaki.

Mnyalukolo wa Kihesa: Hiyo ya fimbo imenigusa kuliko ya meno. Samahani mzee.

Mwenye uzi: Fimbo yake haikung’atwa na mtu. Ndugu, tafadhali turudi kwenye jambo lililotuleta. Aliinama, akaukata kwa meno, akatema.

Ndizi Mbivu Tukuyu: Ndaga fijo, asante sana, kwa uzi huu, nilikuwa nikitafuta pa kusemea. Kwetu tatizo ni vijana wa bodaboda. Kila bwawa lililo karibu na barabara wameligeuza mahali pa kuoshea pikipiki, na mafuta yanatanda juu ya maji yakimetameta rangi saba. Mtu aliniambia nisilalamike, mvua ya Tukuyu itasafisha. Mvua ya Tukuyu haikauki, hilo ni kweli, lakini inachofanya ni kuyashusha mafuta hayo kwenye bwawa la chini, ambako nimepandikiza vifaranga vyangu. Sasa perege wangu wana harufu ya oili. Jirani yangu alikula mmoja akasema anasikia hamu ya kupiga honi.

Chubwi Nzito: Humu sasa ni ukoo wa kambale, baba ana ndevu na mtoto ana ndevu, kila mtu mkubwa na kila mtu ana lake. Mimi nina swali moja tu kwa mwenye uzi. Hayo maini ya kuku, uliyavundisha siku mbili kwenye jua au kivulini? Mimi nimejaribu maini wiki nzima kwenye bwawa la Uyole na yanachomoka kwenye ndoano nikirusha.

Mlima Chai: Hata mimi yananichomoka. Nilidhani ni baridi ya Mafinga.

Mnyalukolo wa Kihesa: Maini ni kupoteza fedha. Kambale hakatai nyungunyungu wa kwenye samadi, mweusi, mnene. Anayekataliwa nyungunyungu ameokota wale wembamba wa bustanini.

Mwenye uzi: Ni siku mbili kivulini, kwenye kopo lenye mfuniko uliotobolewa, kisha unayafunga kwenye ndoano kwa uzi wa kushonea, mizunguko mitano, ndipo hayachomoki. Na nyungunyungu wangu walikuwa wa samadi, wanene kama kidole, naye aliwakataa. Ninawajibu kwa kuwa mmeuliza, lakini bado sijapata mtu mmoja wa kuniambia nimfanye nini aliyenikatia mshipi kwa meno.

Chubwi Nzito: Uzi wa kushonea! Sikuwahi kufikiria. Asante sana mzee. Na ndoano ilikuwa nambari ngapi?

Mwenye uzi: Nambari 4. Hivi sasa imo mdomoni mwa kambale wangu, ndani ya ndoo ya mtu mwingine.

Mlima Chai: Nambari 4 ni kubwa mno kwa perege wetu wa Mafinga. Mwenye nambari 12 za kuuza anitumie ujumbe, mlinzi aliondoka na zangu zote pamoja na fimbo.