Kwa nini manga (hadithi za picha za Kijapani) ya mapigano yenye kisa chepesi hunoga?

Msomaji wa Likoni: Assalaam alaykum. Majuzi nimemaliza Dragon Ball ya Akira Toriyama, iliyochapishwa Japani kuanzia 1984 hadi 1995 na kukusanywa katika juzuu 42, na kaka yangu ananicheka kwamba humo mna kupigana tu. Mbona basi sikuweza kuiweka chini hata feri ilipotia nanga?

Mkaazi wa Kisauni: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Wepesi wa kisa si uchache wa ufundi. Itazame ngumi moja: katika picha ya kwanza bega limerudi nyuma, katika ya pili hamna ila mistari ya mwendo, na katika ya tatu adui amekwisha kupasua jabali, na jicho la msomaji, linalokwenda kutoka kulia hadi kushoto kama tulivyozoea kusoma Kurani chuoni, halipotei njia hata mara moja.

Jirani wa Mji wa Kale: Nakubali, ingawa mapigano ya juzuu za mwisho yalinichosha kidogo. Kinachonishika mimi ni kwamba shujaa anataka jambo moja tu, naye hutoka jasho kulipata.

Msomaji wa Likoni: Ahsanteni. Kaka nitamwonyesha hilo bega.